Kamera Ilivyomshtaki Kamanda

Napenda kueleza kwa heshima zote, na bila kumlaumu mtu yeyote isipokuwa mimi mwenyewe, jinsi kamera ya shule ilivyokaribia kumfukuzisha kazi mlinzi wetu wa usiku.

Muhula ule niliingia Kilabu cha Picha kwa hukumu, si kwa hiari. Nilikuwa nimebandika tangazo ubaoni, lenye muhuri niliouchonga kwa kiazi, likiwaagiza wasichana wote wa kidato cha kwanza wafike zahanati ya shule kupimwa urefu wa masikio. Walifika themanini na wawili, wote wameosha masikio. Muuguzi alitumia asubuhi nzima kuwarudisha madarasani, na wengine walikataa kuondoka bila kupimwa. Mwalimu Mkuu alinitazama juu ya miwani yake, akasema mikono yangu inahitaji kazi, akanikabidhi kwa mwalimu wa fizikia, mlezi wa kilabu. Huyu tulimwita Mwalimu Kwa-Nini, maana hata ukimwamkia angeweza kukuuliza sababu.

"Kamera ni nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Kitu cha kupigia picha, mwalimu."

"Simu nayo inapiga picha. Kwa nini hii ina uzito wa tofali?"

Swali hilo lilinikera sana. Akaizungusha lenzi, ikatoka mkononi mwake kama kifuniko cha chupa. Mle ndani ya mwili wa kamera, mahali nilipotarajia kuona nyaya na taa, palikuwa na kioo kidogo kimelala mshazari, kisafi kuliko kioo chochote cha bweni letu.

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Klak! Kioo kiliruka juu na kushuka kabla sijapepesa.

"Kwa nini kimeruka?"

"Kimeogopa, mwalimu."

Hakucheka. Alinichorea. Mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo, unapanda juu mpaka kwenye kitundu cha kuchungulia, ndipo unafika jichoni. Kwa hiyo unachokiona ni kile kile ambacho lenzi inakiona, wala si picha ya picha. Ukibonyeza, kioo kinapisha njia, pazia la nyuma yake linafunguka, na mwanga unaangukia kwenye kibamba kinachohifadhi picha.

"Ina maana picha inapopigwa, mimi sioni kitu?"

"Huoni kitu."

"Basi picha ni ya ule muda pekee ambao mpigapicha amekuwa kipofu."

Mwalimu Kwa-Nini alitoa kalamu, akaandika maneno yangu pembeni ya mchoro. Hakuna mwalimu aliyewahi kuandika maneno yangu isipokuwa kwenye kitabu cha adhabu. Nikaanza kuipenda kamera.

Nilikopa kitabu chake cha maelekezo, kurasa mia tatu na kumi na mbili, nikakisoma kitandani kama wenzangu wanavyosoma barua za mapenzi. Nilijifunza kwamba lenzi ina tundu linalopanuka na kubana kama mboni ya paka. Nilijifunza kwamba pazia linaweza kufunguka kwa sekunde thelathini au kwa sehemu moja ya elfu nne ya sekunde. Nilijifunza kuhusu ISO, ambayo ni namba ya kuiambia kamera iwe na uchu kiasi gani wa mwanga: ukiipandisha, inaona gizani, lakini picha inajaa chenga kama uji uliopikwa na mvivu.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Kamera ile ilikuwa zawadi kwa shule kutoka kwa mwanafunzi wa zamani, na nilipoiwasha mara ya kwanza iliniuliza tarehe na saa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilijua vizuri kwamba mashine hutaka uiandikie kumi. Lakini nikajiuliza: bibi yangu anasema saa nne, kengele inasema saa nne, mpishi anasema saa nne, halafu kigeni hiki kilichofika jana kiseme kumi? Nikaona ni uonevu. Nikakiandikia 04:00. Nilitaka kuona zitapita siku ngapi kabla ya mtu kugundua.

Zilipita wiki tatu.

Jumanne moja, kabla jua halijachomoza, ng'ombe saba wa jirani walipenya ua wa nyuma na kula kabichi za mtihani wa vitendo wa kilimo. Kidato cha nne walikuwa na matuta thelathini na mawili, kila tuta na jina la mwenyewe kwenye kibao. Vibao vilibaki. Mlinzi wa usiku, ambaye shule nzima inamwita Kamanda kwa sababu ya koti lake lenye vifungo vya shaba, alisema alikuwa langoni, akasikia njuga, akakimbia na kuwatoa ng'ombe hao. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, zamu yake ikiwa bado dakika ishirini iishe. Kutoka langoni hadi bustanini ni mbali, na ua wa nyuma hauonekani. Mwalimu Mkuu alimsikiliza, akakubali.

Siku hiyo hiyo mchana, nikiwa na kamera shingoni kutafuta picha za jarida la shule, nilimkuta Kamanda kwenye kibaraza cha karakana ya useremala. Alikuwa ameamka kutoka usingizi wake wa mchana, anapooza chai kwa kuimimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, mkono mmoja juu kabisa, huku akimsimulia fundi seremala habari za ng'ombe.

"Yule mwekundu akanitazama, shemeji, kama mtu aliyekatizwa chakula! Nikamwambia, mama, toka. Akang'oa moja ya njiani!"

"Na wewe ukamwacha nayo?"

"Ningemnyang'anya mdomoni?"

Walikuwa wanacheka mpaka mabega yanaruka. Nilitaka kujua kama kamera inaweza kuisimamisha chai hewani. Nikaweka pazia sehemu moja ya mia tano ya sekunde, nikafungua tundu mpaka namba nne, ISO mia mbili, nikabonyeza. Nilipoangalia kioo cha nyuma kinachoonyesha picha, karibu nipige kelele. Chai ilikuwa imening'inia kati ya vikombe viwili kama kamba ya dhahabu, na pembeni yake matone manne, kila tone limekaa peke yake, la mviringo, halijui linakwenda wapi. Na juu ya chai hiyo, Kamanda akicheka na meno yake yote.

"Mheshimiwa, umenipata vizuri?" aliniuliza. Ananiita hivyo tangu lile tangazo la masikio.

"Umetoka kama waziri, mzee."

"Waziri anayepooza chai mwenyewe?" alisema fundi seremala, wakaanza tena kucheka.

Alhamisi niliitwa ofisini. Nilipita njiani nikiorodhesha makosa yangu ili nijue nikane lipi. Nilimkuta Mwalimu Mkuu mezani, Mwalimu Kwa-Nini amesimama dirishani, na Kamanda amekaa kwenye kiti cha wageni, koti amelikunja magotini. Bila koti lake alionekana mdogo. Picha ya chai ilikuwa imejaa kwenye kompyuta.

"Hii umepiga wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nilikuwa nachagua picha za jarida." Aligusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya kalamu. "Soma hapa."

Nikasoma. Tarehe ya Jumanne, 06:40.

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi," alisema Mwalimu Mkuu, pole pole, kama anayetoa imla. "Ng'ombe wako bustanini, na mlinzi wangu yuko karakana, anakunywa chai, anacheka."

Juu ya meza palikuwa na barua, jina la Kamanda limeshaandikwa. Haikuwa na sahihi.

"Miaka kumi na tisa," alisema Kamanda bila kuinua kichwa. "Mwalimu Mkuu, sijawahi kuacha lango. Ile ilikuwa mchana. Muulize shemeji."

"Nimemuuliza. Ameapa ilikuwa mchana. Lakini ni shemeji yako. Mashine haina shemeji."

"Mwalimu Mkuu," nikasema, "ilikuwa mchana kweli. Saa sita na dakika arobaini. Saa ya kamera niliiweka mimi. Niliiweka kwa saa zetu."

"Kwa saa zetu?"

"Saa sita ni sita. Sikuiandikia kumi na mbili. Ulikuwa… utani."

Mwalimu Mkuu alimgeukia Mwalimu Kwa-Nini, ambaye aliichukua kamera shingoni mwangu, akaiwasha, akatafuta saa yake. Ukutani ilikuwa saa nne na robo. Kamera ilisema 04:15.

Nikadhani tumeshinda.

"Na kamera hii imekaa wapi tangu Jumanne?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Kwangu, mwalimu."

"Na wewe unampenda Kamanda."

"Kila mtu anampenda, mwalimu."

"Basi unaweza kuwa umebadilisha saa jana, au asubuhi ya leo, baada ya kusikia habari zake. Ungekuwa mtu mwingine ningekuamini. Lakini wewe ndiye uliyewaita watoto themanini na wawili kupimwa masikio kwa muhuri wa kiazi."

Hapo ndipo nilipoijua ladha ya kusema kweli bila kuaminiwa. Naomba niseme ni chungu, hasa kwa mtu ambaye hajaizoea. Kamanda alinitazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeshika ngazi anavyomtazama mwenzake aliye juu.

"Barua nitaisaini kesho saa nne," alisema Mwalimu Mkuu. "Mnaweza kwenda."

Sikwenda. Macho yangu yalibaki kwenye kompyuta, kwa sababu chini ya ile 06:40 palikuwa na mistari mingine, na mimi nikiona mistari siwezi kuiacha.

"Mwalimu," nilimwambia Mwalimu Kwa-Nini, "kamera haiandiki saa tu. Imeandika kila kitu ilichofanya. Pazia, moja kwa mia tano. Tundu, nne. ISO, mia mbili. Flashi, haikuwaka."

"Kwa hiyo?"

"Saa niliidanganya. Lakini mwanga sikuudanganya. Ningeudanganyaje?"

Akasogea. Akavaa miwani. Nilimwona akianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Kwa nini," alisema taratibu, lakini safari hii alikuwa anajiuliza mwenyewe, "kwa nini pazia lililofunguka kwa muda mfupi hivyo, kibarazani, chini ya bati, likapata mwanga wa kutosha?"

"Sijaelewa," alisema Mwalimu Mkuu.

"Picha ni kama ndoo chini ya bomba, Mwalimu Mkuu," nilisema. "Tundu ni ukubwa wa bomba, pazia ni muda uliolifungua. Ndoo hii imejaa. Kama bomba lilifunguliwa kidogo tu na ndoo ikajaa, maji yalikuwa na nguvu. Asubuhi mapema hivyo mwanga una nguvu hiyo?"

"Mimi nitajuaje?"

"Tupime. Kesho, saa kumi na mbili na arobaini, pale pale kibarazani, lenzi ile ile, namba zile zile. Picha ikitoka kama hii, saini barua. Mimi mwenyewe nitakushikia kalamu."

"Hakuna haja ya kunishikia kalamu," alisema Mwalimu Mkuu. Lakini aliitazama tena ile chai iliyosimama hewani, akaisogelea, mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. "Haya matone, kwani macho yanaweza kuyaona hivi?"

"Hayawezi, mwalimu."

"Kesho," alisema, na kuiweka barua ndani ya droo.

Ijumaa tulifika karakana wote wanne, na fundi seremala akawa wa tano, kwa sababu alisema kibaraza ni chake. Mbingu ilikuwa imeanza kuwa na rangi lakini kuta bado zilikuwa za kijivu. Kamanda alivaa koti, vifungo vyote vimefungwa. Fundi alileta birika na vikombe viwili.

"Naomba ucheke, mzee," nilimwambia.

"Nicheke nini? Nimetishwa kufukuzwa, nimetolewa langoni kupigwa picha."

"Mfikirie yule ng'ombe mwekundu."

"Yule ndiye aliyenifikisha hapa."

"Shemeji, mimina tu," alisema fundi. "Cheko tutaliongeza baadaye."

Mwalimu Kwa-Nini alisoma namba kwa sauti kutoka kwenye karatasi, nami nikaziweka moja moja, kila mara nikimwonyesha Mwalimu Mkuu ili asiseme nimemchezea. Mia tano. Nne. Mia mbili. Mwalimu Mkuu alitazama saa yake ya mkononi mpaka mshale ulipofika, akainua kidole kama mwamuzi. Kamanda alimimina. Nikabonyeza. Klak.

Tulikusanya vichwa vitano juu ya kioo cha nyuma cha kamera.

Kulikuwa na giza. Si giza tupu: ukiitazama kwa muda uliona ukingo wa bega, na kitu chembamba kilichoweza kuwa chai au kamba ya kuanikia nguo. Vifungo vya shaba vilitoa vinukta viwili hafifu.

"Imeharibika," alisema fundi.

"Haijaharibika," alisema Mwalimu Kwa-Nini, na uso wake ulikuwa na furaha kama ya mtoto. "Imesema ilichokiona. Mwanga wa sasa ni mdogo mara kumi na tano, mara ishirini. Picha ya Jumanne haikupigwa saa hii."

Mwalimu Mkuu alisogea. Alinyoosha mkono, akaichukua kamera, akaweka jicho lake kwenye kitundu cha kuchungulia baada ya kuvua miwani. Alisimama hivyo, akiielekeza lenzi huku na kule, kwenye bati, kwenye mbao, kwenye uso wa Kamanda.

"Na mtu akitaka kupata picha nzuri saa hii, afanyeje?"

Huo ulikuwa mtego, nikajua. Alikuwa anatafuta kama kuna njia ambayo picha ile ingewezekana. Nilimpa njia zote nilizozijua. Tulipandisha ISO mpaka elfu sita na mia nne: Kamanda akaonekana, lakini amejaa chenga mwili mzima kama aliyemwagiwa unga wa mahindi. Tuliirudisha chini, tukarefusha muda wa pazia: chai ikawa ukungu, na mkono wa Kamanda ukawa na vidole kumi na miwili. Tuliwasha flashi: ukuta wa nyuma ukaota kivuli kikubwa, na vifungo vikang'aa kama taa za gari.

Kwa kila picha, Mwalimu Mkuu alizitazama zote mbili, mpya na ya Jumanne, aliyoichapisha kwenye karatasi. Ya Jumanne haikuwa na chenga. Haikuwa na ukungu. Haikuwa na kivuli ukutani. Tone la nne, dogo kuliko yote, lilikuwa limetulia kama shanga.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "wewe unaweza kuweka sahihi yako chini ya maelezo haya?"

"Sasa hivi," alisema Mwalimu Kwa-Nini.

Mwalimu Mkuu alivaa miwani yake. Alimgeukia Kamanda, na mimi nilitazama chini kwa sababu sikuwa na hakika kama mwanafunzi anaruhusiwa kuona jambo hilo.

"Nilikosea," alisema. "Nimekuita mwongo mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu hao hao. Barua nitaichana."

Kamanda aliweka kikombe chini. "Nimekusikia, Mwalimu Mkuu," alisema, na sauti yake haikuwa nyepesi. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, Mheshimiwa. Utani wako umenikosesha usingizi tangu juzi. Nimekaa nahesabu vitu vyangu, nitavibebaje."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa na hotuba nzima, yenye utangulizi. Yote yalinitoka.

"Nisamehe, mzee."

"Umenitia kisimani, halafu ukashuka mwenyewe kunitoa. Kabla sijakusamehe, hebu niambie: ni kweli hukujua itafika huku?"

"Sikujua. Nilitaka tu kujua kama kuna mtu atagundua."

"Amegundua," alisema Mwalimu Mkuu. "Matuta thelathini na mawili yanahitaji miche mipya. Utayapanda wewe, kila Jumamosi, mpaka yaishe. Na Jumatatu utasimama mbele ya shule uwaeleze wote ulichofanya, bila muhuri."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na hiyo picha ya jarida," aliendelea, akimwonyesha Kamanda ile karatasi ya Jumanne, "kama bado unakubali, ukurasa wa tano ni wako. Ni picha nzuri sana."

Kamanda aliichukua, akaitazama kwa mkono ulionyooka. Kisha akairudisha.

"Hii ni mimi nikiwa nimepumzika," alisema. "Kila mtu ananijua hivi. Mheshimiwa, ile ya kwanza ya leo, ile nyeusi, bado iko humo?"

"Iko, mzee."

"Wekeni hiyo."

"Lakini huonekani!" alisema Mwalimu Mkuu.

"Kwani saa hii nilipokuwa kazini kwa miaka kumi na tisa, nani aliniona?"

Fundi seremala alisema kwamba ndiyo maana hata ng'ombe hawakumwona, na Kamanda akamtupia kitambaa cha kupangusia birika. Mwalimu Mkuu aliomba kamera tena. Aliitafuta picha ile nyeusi, akaikuza, akaikuza tena, akisogea upande wenye mwanga, na Kamanda akaja kusimama karibu yake, akiweka kidole kwenye kioo.

"Hapa, hili ni bega. Na hiki nadhani ni kikombe."

"Kiko wapi?"

"Hapo. Ngoja, usiondoe. Hapo."